Mchungaji Alexander Crummell: Mgeni Nchini Kwao na Mgeni kwa Babu Zake

Safari hii, kati ya watumishi wa Mungu waliotutangulia, tumemchagua Mchungaji Alexander Crummell, Mmarekani mweusi. Sababu ni lile swali ambalo vijana wetu wanakutana nalo bombani na shuleni: ninyi hasa kwenu ni wapi? Swali hilo lilimfuata mtumishi huyu katika mabara mawili.

Alizaliwa New York tarehe 3 Machi 1819. Baba yake, Boston Crummell, alichukuliwa utumwani akiwa mtoto kutoka kwa Watemne, katika nchi ambayo leo ni Sierra Leone. Mama yake alizaliwa huru, na Alexander mwenyewe hakuwa mtumwa. Lakini kuwa huru hakukumfanya ahesabiwe kuwa mwenye nchi. Mwaka 1835 alikwenda kusoma Canaan, New Hampshire, katika shule iliyopokea weusi na weupe pamoja. Wakazi wa pale walileta kundi la ng'ombe wa kukokota, wakalifunga jengo la shule, wakaling'oa na kuliburuta kutoka mahali pake. Mwaka 1839 chuo cha theolojia cha New York kikamkataa kwa ajili ya rangi yake. Hata hivyo alipata ukasisi mwaka 1844. Huko Philadelphia askofu alimwekea sharti, kwamba atampokea ikiwa hataomba kiti katika mkutano wa dayosisi. Crummell alikataa.

Mwaka 1848 alikwenda Uingereza kutafuta fedha za kujenga kanisa, akabaki kusoma Cambridge, akapata shahada mwaka 1853. Baada ya hapo hakurudi Marekani. Alipanda meli na familia yake kwenda Liberia, nchi iliyoanzishwa na weusi kutoka Marekani na kujitangazia uhuru mwaka 1847. Zamani yeye mwenyewe alipinga mpango wa kuwapeleka weusi Afrika, maana aliona Marekani ni yao pia. Sasa akachukua uraia wa Liberia. Alikuwa amefika jirani kabisa na nchi ya baba yake.

Huko akakuta ugomvi mwingine, tena wa ndugu kwa ndugu: Mliberia ni nani? Waliotoka Marekani ndio walioshika serikali na biashara. Wenyeji, kama Wagrebo, Wakru na Wavai, walikuwa wengi kuwapita mbali, lakini hawakuhesabiwa raia. Na kati ya wahamiaji wenyewe, machotara wa Monrovia walijiona wako juu ya weusi. Crummell alikuwa mweusi asiye na damu ya kizungu, na hakuficha kwamba hakuwaamini. Yeye na rafiki yake Edward Blyden walifundisha katika Chuo cha Liberia, chini ya Joseph Jenkins Roberts, aliyekuwa rais wa kwanza wa nchi. Hawakuelewana, na mwaka 1866 Crummell akaondolewa. Kanisani nako alishindana na Askofu John Payne, mzungu kutoka Virginia, kwa kuwa makasisi Waliberia walitaka kanisa lao lijitawale.

Tuseme na upande wake wenye kasoro. Aliwakemea wahamiaji kwa kuwadharau wenyeji, akaenda kuhubiri katika vijiji vya wenyeji hao. Lakini mwenyewe aliona mila zao ni giza tupu, lugha zao ni duni, na Kiingereza ni zawadi ambayo Mungu aliwapa weusi kupitia mateso ya utumwa. Alieleza hayo katika hotuba ndefu mwaka 1860. Mtoto wa Mtemne! Sisi tunaosali kwa Kiswahili, na nyumbani tukaongea Kibembe au Kifuliiru na watoto wetu, tunashindwa kumfuata hapo. Labda ndiyo sababu hata wale wenyeji aliowatetea hawakumwona kuwa mtu wao.

Mwaka 1870 Edward Roye, mtu mweusi asiye chotara, alishika urais. Oktoba 1871 akapinduliwa, na mwaka uliofuata akafa. Blyden alikuwa amekwisha kimbilia Sierra Leone. Crummell naye akaona nchi haimtaki tena. Mwaka 1872, baada ya karibu miaka 20, akarudi kule kule alikokataliwa ujana wake.

Utumwa ulikuwa umekomeshwa Marekani mwaka 1865, lakini dharau ilibaki. Safari hii hakuhama. Alijenga kanisa la St. Luke's mjini Washington, lililofunguliwa mwaka 1879, akalichunga hadi 1894. Walikuwepo weusi waliosema wasahau kabisa kwamba wao ni weusi na kujiita Wamarekani basi. Yeye alishikilia kwamba wao ni Wamarekani kwa haki kamili, na bado wanahitaji makanisa, shule na vyama vyao wenyewe. Mwaka 1897, akiwa mzee wa miaka 78, alianzisha chama cha wasomi weusi kilichoitwa American Negro Academy.

Alifariki tarehe 10 Septemba 1898 huko Red Bank, New Jersey. Wenyeji wa Liberia walitambuliwa kuwa raia wa nchi yao mwaka 1904.