Krapf wa Rabai: Alifuata waumini, akaacha kamusi

MGENI atokaye Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi na kukunja kulia Mazeras hufika Rabai baada ya mwendo mfupi. Hapo, juu ya vilima vya minazi katika Kaunti ya Kilifi, lipo Kanisa la Mtakatifu Paulo, na karibu nalo makumbusho yenye jina la Johann Ludwig Krapf.

Watalii wanaomiminika Malindi kutazama nguzo ya Vasco da Gama ni wengi. Wanaopanda kilima cha Rabai ni wachache. Hata hivyo, ni Rabai ambako shirika la kimisionari la CMS la Uingereza lilijenga makao yake ya kwanza katika pwani hii, mwaka 1846. Serikali ya Uingereza ilikuja kutangaza himaya yake Afrika Mashariki mwaka 1895, karibu nusu karne baadaye.

Aliyeyaanzisha makao hayo hakuwa Mwingereza. Krapf alizaliwa Januari 11, 1810, katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Alikuwa mtoto wa mkulima. Alipata mafunzo ya umisionari mjini Basel, Uswisi, kisha akaajiriwa na CMS, shirika ambalo wakati huo lilitegemea sana vijana wa Kijerumani.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Ethiopia, alikofika mwaka 1837. Alifukuzwa Tigray, akahamia Shoa, na huko nako mlango ukafungwa mwaka 1842. Lakini akiwa Shoa alisikia habari nyingi za Waoromo, akaamini kwamba taifa hilo kubwa likiongoka, Ukristo ungeenea Afrika yote. Kwa kuwa njia ya kaskazini ilizibwa, aliamua kuwafikia kupitia kusini, yaani kwa njia ya pwani ya Waswahili.

TAKAUNGU HADI UNGUJA

Mwishoni mwa mwaka 1843, jahazi lililombeba yeye na mkewe Rosine kutoka Aden lilitia nanga Takaungu, kusini mwa Kilifi. Mji huo ulikuwa makao ya Wamazrui waliokimbia Mombasa baada ya kushindwa na Seyyid Said. Hapo ndipo Krapf alipokanyaga kwa mara ya kwanza ardhi ambayo leo ni Kilifi, akasikia habari za Wamijikenda, ambao siku hizo waliitwa Wanyika, na za Wakamba walioleta pembe za ndovu kutoka bara.

Januari 1844 alifika Unguja. Seyyid Said alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, akiwaagiza wamtendee wema. Hivyo mmisionari wa Kiprotestanti alianza kazi yake kwa hisani ya mtawala Mwislamu. Ni jambo ambalo Krapf mwenyewe, aliyeuona Uislamu kuwa mshindani mkubwa wa kazi yake, hakulipa uzito unaostahili.

Mei mwaka huo alihamia Mombasa pamoja na mkewe. Furaha haikudumu. Julai, homa iliwaangusha wote wawili wakati Rosine akijifungua mtoto wa kike. Rosine alifariki Julai 13, na siku mbili baadaye mtoto naye akafuata. Mtoto wao mwingine alikuwa amekwisha kufariki katika safari ya Ethiopia. Mama na mwana walizikwa upande wa bara, mkabala wa kisiwa, katika eneo ambalo leo ni Nyali, na kaburi hilo lipo hadi sasa. Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi hilo lilikuwa mwanzo wa kazi yao, wala hakuomba kurudishwa nyumbani.

Badala yake alijitosa katika lugha. Mwezi mmoja kabla ya msiba alikuwa ameanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi mmoja wa Mombasa. Sura za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wataalamu wa mambo ya mashariki.

WAZEE WA KAYA WAKUBALI

Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, aliwasili Juni 1846. Wawili hao walikwenda kuomba kibali kwa wazee wa Rabai, nao wazee wakashauriana na kuwaruhusu kujenga. Agosti mwaka huo walipanda kilima wakiwa bado wanatetemeka kwa homa.

Ikumbukwe kwamba makao haya hayakujengwa kwa mtutu wa bunduki. Yalijengwa kwa idhini ya wenyeji, watu waliokuwa na kaya zao, viapo vyao na serikali yao ya wazee. Wageni hao wawili wangekataliwa siku hiyo, hakuna askari ambaye angewatetea.

Kibali cha kujenga, hata hivyo, hakikuwa kibali cha kubadili dini. Wazee waliwasikiliza kwa adabu, wakaendelea na matambiko yao. Shule iliyofunguliwa ilipata watoto wachache. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu maskini, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Kwa hesabu ya waumini, miaka ya Krapf mlimani Rabai haikuzaa karibu chochote.

Kwa hesabu ya maneno, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Kila mtu aliyepita mlangoni alikuwa mwalimu: mzee wa kaya, mpagazi wa Kikamba, mfanyabiashara wa Mvita. Krapf aliuliza, akasikiliza, akaandika. Mwaka 1848 Injili ya Luka ilichapishwa Bombay kwa lugha ya Kirabai. Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka Tübingen.

Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, ilhali Waswahili wenyewe walikuwa wameandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Uamuzi huo ulikuwa na lengo la kidini, kwani alihofia kwamba herufi za Kiarabu zingeimarisha Uislamu. Hata hivyo hakuyadharau maandishi aliyoyakuta. Alikusanya miswada ya tenzi za Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi hizo, na mwaka 1854 akaikabidhi kwa maktaba ya chama cha wataalamu wa mambo ya mashariki mjini Halle, Ujerumani. Ni miongoni mwa miswada ya mwanzo ya ushairi wa Kiswahili kuhifadhiwa Ulaya.

MILIMA YA THELUJI

Rabai ilikuwa pia kituo cha kuanzia safari za bara. Mei 11, 1848, Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji. Mwaka huo huo Krapf alikwenda Usambara kuonana na Mfalme Kimweri. Desemba 3, 1849, akiwa Kitui kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, Krapf aliuona mlima ambao jina lake alilisikia kwa Wakamba na kuliandika Kenia. Mwaka 1920 jina hilo lilipewa koloni zima, na leo ni jina la nchi.

Wataalamu wa jiografia London walibeza habari za theluji karibu na ikweta. Wenyeji walioishi chini ya milima hiyo hawakuhitaji uthibitisho wa mtu yeyote.

Safari ya pili ya Ukambani, mwaka 1851, nusura imtoe roho. Msafara wa Kivoi ulishambuliwa karibu na Mto Tana, Kivoi akauawa, wafuasi wakatawanyika. Krapf alibaki peke yake porini. Alipoufikia mto hakuwa na chombo cha maji, akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake pamoja na mitutu ya bunduki, kisha akatembea usiku na kujificha mchana. Alipofika Rabai, Rebmann alikuwa amekwisha kuamini kwamba mwenzake ni maiti.

Mwaka 1853 afya ilimlazimisha kurudi Ulaya. Alirejea pwani mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo chao cha Ribe, si mbali na Rabai, lakini hakudumu. Mwaka 1867 aliajiriwa kuwa mkalimani wa jeshi la Uingereza lililokwenda kumpiga Mfalme Tewodros wa Ethiopia, na huko nako aliugua akarudishwa. Rebmann yeye alibaki Rabai hadi mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu, na kufariki mwaka uliofuata.

NJIA ILIYOFUNGULIWA

Krapf hakuitawala nchi hii wala hakunyakua shamba la mtu. Lakini njia alizopita, ramani zilizochorwa na wenzake, na habari za milima na maziwa vilisomwa kwa makini Ulaya. Richard Burton, aliyekuwa akijiandaa kwenda kutafuta maziwa makuu, alifika Rabai mwaka 1857. Baada ya wapelelezi walifuata wafanyabiashara, na baada ya wafanyabiashara ikafuata serikali.

Rabai yenyewe iligeuka. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipanda kilima kutafuta usalama, na kituo kilichokosa waumini kikajaa watu. Wenye mashamba walidai mali yao. Hatimaye kampuni ya Kiingereza ya IBEA iliwalipa fidia, na Januari 1, 1889, hati za uhuru zilitolewa kwa zaidi ya watoro 1,400 waliokuwa katika misheni za pwani. Miaka michache baadaye, himaya ya Waingereza ilichukua mahali pa kampuni hiyo.

Krapf hakuyaona hayo. Aliishi miaka yake ya mwisho Korntal, Ujerumani, akiendelea kufanya kazi juu ya kamusi yake. Novemba 26, 1881, alikutwa amefariki, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Alikuwa na umri wa miaka 71.

Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882. Ndani yake mna Kiswahili cha Mvita kilivyosemwa katikati ya karne ya 19: majina ya pepo, samaki, mitego, vyombo vya jahazi, na maneno ambayo yalipungua nguvu baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1887 ilifuata kamusi ya lugha ya Wamijikenda, iliyotokana na kazi yake na ya Rebmann.

Jina lililo kwenye majalada hayo ni la Krapf, na kwa haki, kwani alilipia kwa afya yake na kwa kaburi la Nyali. Lakini maneno yaliyomo ni ya wazee wa Rabai, ya Wakamba wa misafara na ya wanazuoni wa Mombasa, watu ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Si mbali na makumbusho ya Krapf zimo kaya za Rabai. Mwaka 2008 UNESCO iliziweka, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, katika orodha ya urithi wa dunia. Wazee wa Rabai hawakuacha kaya zao walipompa mgeni wao mahali pa kujenga, na misitu hiyo ingali imesimama.