Krapf, mhubiri aliyezika mke na mwana Mombasa

Kiamaiko, Nairobi, mtaa wa machinjio ya mbuzi ambako Muislamu na Mkristo hukaa ukuta kwa ukuta, kila Jumapili huhubiriwa kwa Kiswahili kwamba Mungu alijifanya mwanadamu, akateswa kwa kuwapenda watu. Mizizi ya mahubiri hayo iko kwetu Mombasa.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyezaliwa 1810, alihamia Mombasa Mei 1844 pamoja na mkewe, Rosine. Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia, wengi hawajui, ni kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhiddin. Imani walitofautiana, lakini kadhi hakumnyima lugha.

Julai homa ikaingia nyumbani. Rosine, aliyekuwa ametoka kujifungua, akafariki. Siku chache tu, kitoto nacho kikamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Ile imani ya Mungu asiyekwepa mateso sasa ikawa mtihani wake mwenyewe. Wengi wangepanda jahazi warudi kwao. Yeye alibaki, na 1846 akafungua kituo Rabai na mwenzake Rebmann. Waliomfuata walikuwa haba mno: wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa mlemavu, naye akafa punde.

Krapf aliondoka 1853, afya imemwishia, akafa Ujerumani 1881. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata.