Jon Postel, mhariri wa kanuni za intaneti

Mkulima wa Matambarale anapolipia salfa ya mikorosho kwa simu, kompyuta ya kampuni ya simu hutuma ombi kwa kompyuta ya benki. Tuseme jibu limepotea njiani. Je, ombi litumwe tena? Likitumwa, benki ilihesabu kuwa malipo yaleyale au malipo mapya? Ikiwa maelezo ya kiufundi waliyokubaliana hayasemi waziwazi, kila fundi atajaza pengo kwa akili yake, na mkulima anaweza kukatwa fedha mara mbili.

Mmarekani Jon Postel alitumia karibu miaka 30 ya maisha yake kuziba mapengo ya namna hiyo.

Alizaliwa California mwaka 1943. Mwaka 1969, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikuwa miongoni mwa vijana waliounganisha kompyuta za kwanza za ARPANET, mtandao uliozaa intaneti. Vijana hao waliandika makubaliano yao katika karatasi zenye namba, wakaziita kwa unyenyekevu maombi ya maoni, kwa kifupi RFC. Postel akawa mhariri wao. Alifuga ndevu ndefu na kupenda viatu vya wazi, lakini kwenye maandishi hakuwa na mzaha. Mwaka 1981 alihariri mawili yanayobeba intaneti hadi leo: moja linaeleza jinsi vipande vya data vinavyopewa anwani, la pili jinsi ya kuhakikisha vimefika vyote.

Katika kazi hii maneno madogo ndiyo yenye uzito. Lazima si sawa na inafaa, na inafaa si sawa na ruksa. Maana ya maneno hayo iliwekwa bayana mwaka 1989, kisha 1997 katika andiko namba 2119, na waandishi wa maelezo ya programu za wavuti bado wanalitumia. Tukirudi kwenye salfa: ikiandikwa kwamba kila ombi lazima liwe na namba yake, na kwamba namba ikijirudia benki lazima isikate tena, fundi hana la kubahatisha.

Postel aliacha pia kanuni inayobishaniwa: programu iwe makini katika inachotuma, na ivumilie inachopokea. Ilisaidia mitandao michanga kuelewana. Lakini anayevumiliwa huendelea kukosea, na kosa likizoeleka wote hulibeba. Kwenye fedha, sisi tunaona afadhali ombi lenye kasoro likataliwe papo hapo.

Ndiye pia aliyesimamia majina ya nchi kwenye intaneti. Hakutaka kuamua ipi ni nchi na ipi siyo, akafuata herufi mbilimbili za orodha ya shirika la viwango la kimataifa, ISO. Humo ndimo ilimotoka .tz yetu, iliyosajiliwa mwaka 1995.

Alifariki tarehe 16 Oktoba 1998, akiwa na miaka 55, baada ya upasuaji wa moyo. Mwenzake wa tangu chuoni, Vint Cerf, aliandika tanzia yake. Iliwekwa katika mfululizo uleule wa maandishi, ikapewa namba 2468.