Howard Hughes na kidonge cha maumivu kilichomaliza figo zake

Huenda jina la Howard Hughes ni geni kwako. Alikuwa Mmarekani, rubani, mtengenezaji wa ndege na filamu, na kwa miaka mingi alihesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa duniani. Tunakuletea habari zake, mama na mlezi, kwa sababu moja. Mtu huyu aliyeweza kuajiri daktari yeyote aliyemtaka alifariki mwaka 1976 kwa figo kushindwa kufanya kazi. Dawa inayoshukiwa kuziharibu ilikuwa kidonge cha kawaida cha maumivu, ambacho leo hakitolewi tena.

Alizaliwa Texas mwaka 1905, mtoto pekee. Mama yake, Allene, aliogopa sana magonjwa, hasa polio, ambayo siku zile haikuwa na chanjo. Alimkagua mwanawe mwili mzima mara kwa mara na kumweka mbali na watoto aliodhani wanaumwa. Kama umewahi kukesha na mtoto mwenye homa, utamwelewa, na sisi hatumlaumu. Ila walioandika maisha ya Hughes wanaona kuwa hofu ile alikua nayo hadi uzeeni, akawa mtu wa kuogopa vijidudu kupita kiasi. Allene alifariki mwaka 1922, baba mwaka 1924, na kijana akarithi kampuni ya vifaa vya kuchimbia visima vya mafuta. Mwaka 1938 alizunguka dunia kwa ndege kwa muda usiofika siku nne, akavunja rekodi.

Tarehe 7 Julai 1946 alikuwa akijaribu ndege mpya ya kijeshi. Ndege ikapata hitilafu na kuanguka juu ya nyumba za watu huko Beverly Hills. Alivunjika mbavu na mfupa wa bega, pafu moja likasinyaa, akaungua vibaya. Hakuna aliyetegemea angepona. Hospitalini alipewa mofini, kisha kodeini, na hapo hapakuwa na kosa: maumivu yake yalikuwa ya kweli na makali. Tatizo ni kwamba dawa ya wiki chache iligeuka kuwa ya miaka 30.

Kilichokuwa ndani ya kidonge

Vidonge alivyotumia vilikuwa mchanganyiko: kodeini, aspirini, kafeini na fenasetini. Kodeini hujenga utegemezi, na wengi wanaosimulia habari za Hughes huishia hapo. Sisi tunataka utazame hiyo ya mwisho.

Fenasetini ilianza kuuzwa mwaka 1887 kwa ajili ya homa na maumivu. Haikuwa kali tumboni, kwa hiyo watu waliiona salama. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Uswisi walianza kuona wagonjwa wa figo ambao wote walikuwa na historia ya kumeza vidonge vya aina hii kila siku kwa miaka. Nchi za Skandinavia nazo zikaona hali hiyo hiyo. Wengi hawakuwa watu wa ulevi. Walikuwa wafanyakazi wa viwandani na akina mama wa nyumbani wenye kichwa kinachouma. Kafeini iliwachangamsha, na wasipomeza kichwa kiliuma tena, basi wakameza tena.

Figo haina kelele. Sehemu yake ya ndani inayokoleza mkojo hufa kidogo kidogo bila mtu kuhisi maumivu. Mgonjwa huanza kuamka usiku mara nyingi kukojoa, huchoka, hupungukiwa damu, na wengine huona damu kwenye mkojo. Wakati huo figo tayari zimesinyaa. Baadaye ilibainika pia kuwa michanganyiko yenye fenasetini husababisha saratani ya njia ya mkojo.

Waliomzunguka

Miaka yake ya mwisho Hughes aliishi amejifungia vyumba vya hoteli, mapazia yameshushwa, akihama nchi hadi nchi. Mwaka 1973 alivunjika nyonga akiwa London na hakutembea tena. Aliwaajiri watu wa kumhudumia mchana na usiku, na madaktari wake mwenyewe. Dawa alizotaka alipewa. Watu wale walikuwa wakilipwa naye, na mtu anayekulipa ni vigumu kumkatalia. (Nyumbani kwetu si mshahara, ni heshima: nani atamnyima baba mzazi kidonge anachokiomba kwa machozi?)

Alifariki tarehe 5 Aprili 1976 ndani ya ndege iliyokuwa ikimkimbiza hospitalini Houston kutoka Acapulco, Mexico. Mtu aliyekuwa mrefu kupita futi sita alikuwa amebaki na uzito wa kilo 42 hivi. Ilibidi alama za vidole zitumike kuthibitisha kuwa ni yeye. Picha za eksirei zilionyesha vipande vya sindano vilivyokatikia mikononi, kwa sababu alikuwa akijidunga kodeini. Daktari bingwa wa maumivu aliyepitia taarifa hizo miaka mingi baadaye aliona kuwa fenasetini ndiyo iliyoelekea kuua figo. Marekani iliiondoa sokoni mwaka 1983.

Wewe na dawa zilizo nyumbani kwako

Mwili hugeuza sehemu kubwa ya fenasetini kuwa parasetamoli, ambayo ndiyo iliyochukua nafasi yake. Parasetamoli ni salama ukifuata kipimo, lakini ikizidi huharibu ini. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuumiza figo, hasa kwa mzee, mwenye kisukari au shinikizo la damu, na mtoto anayeharisha au kutapika hadi mwili kukauka. Mtoto wa hali hiyo usimpe bila kuuliza kituo cha afya. Kodeini asipewe mtoto wa chini ya miaka 12. Nawe unayenyonyesha usiitumie, kwani kwa baadhi ya akina mama hugeuka mofini haraka mwilini, ikapita kwenye maziwa na kumfanya mtoto alale kupita kawaida au ashindwe kupumua vizuri.

Kama unamuuguza mtu anayemeza dawa za maumivu karibu kila siku, hesabu vidonge vya wiki moja, andika majina yaliyo kwenye pakiti zote, hata zile za dukani, kisha umpelekee daktari karatasi hiyo na uombe apimwe figo. Usisubiri miguu ivimbe.