James Dewar na Chupa ya Baridi

Mtahiniwa, unapomimina chai ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, unatumia kifaa cha mtu ambaye hakuwa akifikiria chai hata kidogo. Alikuwa akitafuta baridi.

James Dewar alizaliwa mwaka 1842 huko Kincardine, Uskoti. Akiwa na miaka 10 alitumbukia majini barafu ilipovunjika, akaugua kwa muda mrefu. Katika ugonjwa huo alijifunza kuunda fidla. Usilipite hilo haraka: mikono hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuunda vyombo vya maabara.

Mwaka 1877 aliajiriwa katika Taasisi ya Kifalme, London. Kazi yake ilikuwa kugeuza gesi kuwa vimiminika, lakini joto la nje lilivirudisha kuwa gesi. Mwaka 1892 alipata dawa yake: vyombo viwili vya kioo, kimoja ndani ya kingine, katikati ombwe. Kumbuka zile njia tatu za joto. Ombwe huzuia mpitisho na msafara. Rangi ya fedha kwenye kioo hupunguza mnunurisho. Hakuchukua hataza, na chupa ilipoingia sokoni Ujerumani kwa jina la Thermos, faida ilikwenda kwa wengine.

Mwaka 1898 akapata haidrojeni kimiminika, yenye nyuzi 253 hivi chini ya sifuri. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Milipuko iliwapofua wasaidizi wake wawili, kila mmoja jicho moja. Ikabaki heliamu. Dewar alikuwa mkali, tena mgomvi. Alikosana na William Ramsay, bingwa wa gesi hiyo, na kwa maoni yangu ugomvi huo ulimponza. Mwaka 1908 Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, akamtangulia. Tuzo ya Nobel ilikwenda kwa Onnes mwaka 1913. Dewar hakuipata kamwe.

Alifariki mwaka 1923, miaka 9 kabla ya nyutroni kugunduliwa. Leo, katika kituo cha utafiti cha Grenoble, Ufaransa, nyutroni zinazotoka kwenye kinu cha nyuklia hupitishwa katika haidrojeni nzito iliyo kimiminika. Zinagongana na viini vyake, zinapoteza nishati, zinapungua mwendo. Hizo huitwa nyutroni baridi, nazo huwaonyesha wanasayansi mpangilio wa protini na plastiki. Na vyombo vya kuhifadhia vimiminika baridi maabarani bado vinaitwa dewar.