Kijindege Changu na Mzee de Havilland

Mimi hukusanya vijindege vya chuma, mifano ya ndege za abiria za zamani. Wenzangu hunicheka ati nachezea vitu vya watoto. Kipenzi changu ni Dragon Rapide, yenye mabawa juu na chini, iliyopunguzwa mara 72.

Mwenye kampuni iliyounda ile kubwa, Geoffrey de Havilland, alizaliwa Uingereza mwaka wa 1882. Kwa pesa za babu yake aliunda ndege, ikaanguka, ikavunjika. Hakufa moyo. Mwaka wa 1910 ya pili iliruka. Mwaka wa 1920 alianzisha kampuni, na 1934 Rapide ikapaa. Rapide sita ndizo zilizoanzisha safari za East African Airways mwaka wa 1946, papa hapa kwetu.

Lakini ndege zilimpa, zikamnyang'anya. Wanawe wawili, John mwaka wa 1943 na Geoffrey mwaka wa 1946, walikufa katika kuzijaribu. Mzee alivumilia, akaendelea na kazi. Alifariki mwaka wa 1965.

Bawa la kijindege changu lilipovunjika, nilitaka kukitupa. Nikamkumbuka mzee huyu, nikatafuta gundi. Basi wenzangu, chekeni tu!