Elvis Presley na mkate wake wa kalanga na ndizi

Elvis Presley anajulikana hata kwa watu ambao hawajasikiliza wimbo wake hata moja mpaka mwisho. Nywele nyeusi za kung'aa, gitaa kifuani, kiuno kinachotikisika: picha hiyo imezunguka dunia nzima. Leo tunamfuata jikoni. Mtu huyu angeweza kununua chakula chochote, lakini kila mara alirudia mkate uliopakwa kalanga ya kusaga, ukatiwa ndizi mbivu ndani, kisha ukakaangwa kwenye siagi. Watu wamemcheka sana juu ya hiyo sandwichi. Ukijua alitoka wapi, kicheko kinapungua.

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1935 kule Tupelo, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Walikuwa mapacha, lakini mwenzake alizaliwa akiwa amekwisha kufa. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, vyumba viwili tu, baba yake Vernon aliijenga kwa deni la dola 180. Mwaka wa 1938 Vernon alifungwa juu alibadilisha sheki aliyolipwa kwa kuuza nguruwe. Alikaa gerezani miezi kama minane. Nyumba ikapotea, na mama yake Gladys akabaki anahangaika na mtoto wa miaka mitatu, leo kwa ndugu huyu, kesho kwa yule.

Wakati ule Marekani ilikuwa katika shida kubwa ya uchumi, na kalanga ya kusaga ilikuwa chakula cha watu wa pesa kidogo: inashibisha, haiozi haraka, haihitaji nyama pembeni. Kalanga yenyewe iko na safari yake. Asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno wakaileta Afrika, na biashara ya watumwa ikaivusha tena bahari mpaka kwenye mashamba ya kusini mwa Marekani. Kule watu wengine wanaiita goober, neno lililotoka kwa nguba ya Kikongo, ile ile nguba ambayo wanaosema Lingala wanaitaja sokoni kila siku. Kwa hiyo mtoto wa Tupelo alikua na chakula ambacho jina lake lilitoka kwetu.

Mwaka wa 1948 familia ilihamia Memphis. Elvis alimaliza shule 1953, akaendesha gari la kampuni ya umeme, na Julai 1954 akarekodi wimbo wake wa kwanza wa kuuzwa katika studio ndogo ya Sun. Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Mwaka wa 1956 nchi nzima ilikuwa inamsikiliza, na 1957, akiwa na miaka 22 tu, alinunua Graceland, nyumba kubwa yenye shamba, akaingiza wazazi wake ndani. Gladys hakuikalia siku nyingi. Alikufa Agosti 1958, mtoto wake akiwa jeshini. Waliokuwa karibu naye wanasema hakupona kabisa ile huzuni.

Mpishi mmoja kule Graceland alikuwa Mary Jenkins, na yeye ndiye aliyeeleza baadaye namna ile sandwichi ilivyotengenezwa. Mkate mweupe unachomwa kwanza kidogo. Ndizi mbivu inapondwa, inakutanishwa na kalanga. Kisha siagi, na siagi ya kweli, si kijiko kimoja: mkate unaogelea ndani yake, unageuzwa na kugeuzwa mpaka unainywa yote.

Utamu wake uko wapi? Kalanga ni nzito, ina chumvi, inashika mdomoni. Ndizi ikipata moto inalainika na sukari yake inaongezeka ladha, inakuwa karibu na asali. Ukila peke yake kila kimoja, unachoka haraka. Pamoja, chumvi inaita sukari na sukari inaita chumvi. Halafu ganda la mkate limekuwa jekundu na linavunjika kwenye meno, kumbe ndani ni laini kama uji. Elvis alipenda pia mkate wa mahindi na maziwa, viazi vya kuponda, nyama ya nguruwe iliyokaangwa mpaka karibu kuungua. Chakula cha nyumbani tu. Pesa ilibadilisha kiasi, haikubadilisha mdomo.

Na kiasi ndicho kilikuja kuwa shida. Usiku mmoja wa Februari 1976, akiwa Memphis na marafiki, hamu ilimpata ya sandwichi moja aliyoijua kule Denver: mkate mzima uliotobolewa katikati, ukajazwa chupa nzima ya kalanga ya kusaga, chupa nzima ya konfitiri ya zabibu, na karibu nusu kilo ya nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Waliingia kwenye ndege yake, wakaruka zaidi ya kilomita elfu moja, wakaletewa chakula uwanjani pale pale, wakala, wakarudi. Mjini hawakuingia hata kidogo. Ni hadithi ya kuchekesha, ndiyo, lakini ni pia hadithi ya mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumwambia hapana.

Alikufa tarehe 16 Agosti 1977 ndani ya Graceland, miaka 42. Wengi husema chakula ndicho kilimuua. Mwili ulikuwa umenenepa kweli, na waganga walitaja moyo. Lakini katika mwili wake zilikutwa dawa za aina nyingi, na nyingi aliandikiwa na dokta. Dokta huyo alishtakiwa, akaachiliwa na mahakama 1981, na miaka mingi baadaye akanyang'anywa ruhusa ya kutibu. Kuweka mzigo wote juu ya kalanga na ndizi ni kuwasaidia wengine kuukwepa.

Mwenye kutaka kuijaribu nyumbani, vyote viko sokoni kwetu. Ndizi ndogo za kamaramasenge zinafaa kuliko zile kubwa, juu sukari yake ni nyingi, na zingojewe mpaka ganda lianze madoa meusi. Kalanga isagwe na chumvi kidogo. Moto wa makala uwe mdogo, la sivyo mkate utaungua nje na ndizi itabaki baridi ndani. Siagi, kijiko kimoja kinatosha. Wenye kisukari au presha waonje kipande tu, na watoto wasiachwe karibu nayo inapotoka motoni: ndizi ya moto inachoma ulimi vibaya sana.